Mama yao amekufa na nini? Somo juu ya kulea watoto wa paka wa depo



Katika masomo yaliyopita tuliongea juu ya kukausha mahindi na kupanga magunia juu ya mbao. Leo tunaongea juu ya paka, na zaidi juu ya watoto wake wanaobaki bila mama. Wengine watasema: "Sisi ni wakulima, paka ni kazi ya watoto wa nyumbani." Tuhesabu kwanza, kisha tutaendelea.

Panya mkubwa wa nyumba anakula gramu 15 hadi 25 za nafaka kwa siku. Depo yenye panya 20 inapoteza gramu 300 kwa siku kama wanakula kidogo. Kwa mwaka ni zaidi ya kilo 100, ndiyo kusema gunia moja zima. Hapo hatujahesabu nafaka waliyoikojolea, mifuko waliyoitoboa na maharagwe ambayo mnunuzi wa Bunia anayakataa ju ya harufu. Paka hamalizi panya wote, na tusidanganyane. Lakini depo yenye paka wawili, mlango unaofunga vizuri na nyasi zilizokatwa pembeni haifanani na depo isiyo na paka.

Na paka wamepungua vijijini mwetu. Familia nyingi zilizokimbia Djugu na Irumu ziliporudi zilikuta nyumba na panya tu, paka hakuna. Kwa hiyo watu wakikuta watoto wa paka wanalia nyuma ya depo, wanataka kuwaokoa, na swali la kwanza wanalotuuliza ni: "Tuwape maziwa gani?" Swali ni zuri, lakini linakuja la pili. La kwanza ni: mama yao ameenda wapi? Na kama amekufa, amekufa na nini? Jibu la swali hilo ndilo linasema kama utawachukua mikononi, au utakaa mbali na kumwita muuguzi.

1. Kabla ya kugusa: majibu manne

*Jibu la kwanza: mama hajafa, ameenda kuwinda.* Paka anayenyonyesha anaweza kuacha watoto masaa mengi. Pengine anawahamisha mmoja mmoja, na wewe umefika katikati ya kazi yake. Kama watoto wako na joto, wamelala pamoja na hawalii, waache. Kaa mbali, zuia watoto na imbwa, angalia masaa manne au tano. Ukiona wamepoa au wanalia bila kunyamaza, usingoje tena. Maziwa ya mama ni bora kuliko yote tutakayofundisha hapa chini.

*Jibu la pili: mama amekula panya mwenye sumu.* Hii tunaikuta mara nyingi. Koperative inatia sumu depo, panya anakula, anatoka akilegea, paka anamkamata kwa urahisi, halafu paka naye anakufa. Watoto wa mama kama huyo wanaweza kuchukuliwa na kulelewa. Wewe osha mikono kwa sabuni, na uondoe mizoga ya panya yote kabla paka mwingine hajaikuta. Usiishike kwa mkono mtupu.

*Jibu la tatu: mama alikuwa na kichaa cha imbwa.* Ugonjwa huu unashika paka pia. Paka mpole anageuka mkali ghafla, anauma bila sababu, mate yanamwagika, anashindwa kumeza, miguu inalegea. Watoto wa mama kama huyo tusiwalee. Tusiwashike, tumwite veterineri. Mtu aliyeumwa au kukwaruzwa aoshe kidonda palepale kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo, asingoje kuona kama paka atakufa. Dalili zikishaonekana kwa mtu, ugonjwa huu hauponi.

*Jibu la nne: tauni.* Hili linahitaji sehemu yake, ju sisi wa Ituri tunakaa nalo.

2. Tauni: wakati wa kukaa mbali

Tauni inajulikana katika milima yetu upande wa ziwa Albert tangu wakati wa Wabelgiji. Haijaisha. Mwezi wa 6 mwaka 2020 ilitokea tena katika zone ya afya ya Rethy, wilayani Djugu. Ni ugonjwa wa panya. Viroboto wanauchukua kutoka kwa panya mgonjwa, na panya akifa, kiroboto anatafuta damu nyingine: ya paka au ya mtu aliyelala chini kwenye mkeka.

Paka anashikwa na tauni kwa urahisi, ama kwa kula panya mgonjwa, ama kwa kuumwa na viroboto. Anapata homa kali, anakataa kula, anavimba chini ya taya, pengine uvimbe unapasuka na kutoa usaha. Akianza kukohoa ni hatari zaidi, ju anaweza kumwambukiza mtu kwa hewa ya karibu.

Kwa hiyo, ukikuta watoto wa paka bila mama, jiulize mambo matatu:

- Je, panya wanakufa ovyo katika nyumba au depo, na hakuna mtu aliyetia sumu?
- Je, mama yao, au paka mwingine wa hapo, alikuwa na uvimbe wa taya, homa au kikohozi?
- Je, kuna mtu jirani mwenye homa ya ghafla na mitoki iliyovimba kwenye mapaja, kwapani au shingoni, au anayekohoa damu?

Kama jibu ni ndiyo hata kwa swali moja, usiwachukue wale watoto, hata wakilia namna gani. Usishike mizoga ya panya wala ya paka kwa mkono mtupu. Usichune wala usile mnyama aliyejifia. Zuia watoto wasifike. Peleka habari kwa muuguzi wa kituo cha afya siku hiyohiyo, naye ataijulisha zone ya afya. Kama ulishawashika kabla ya kujua, mwambie muuguzi bila kuficha. Tauni inatibika kwa antibiotike ikiwahiwa. Ikiingia kwenye mapafu na mtu akakaa nyumbani, karibu kila mara inaua, na haichukui siku nyingi.

Na sumu je? Mahali penye tauni, kuua panya kabla ya kuua viroboto ni kuongeza hatari, kwa sababu viroboto wote wa wale panya wanabaki na njaa ndani ya nyumba. Huko, sumu isitiwe mpaka watu wa afya wamefika na kusema nini kianze.

Tunajua ni vigumu kuacha mnyama mdogo analia. Lakini wakati wa Ebola, kutoka 2018 hadi 2020, tulijifunza wote kwamba huruma bila kuuliza inaweza kuingiza kifo nyumbani. Mazoea yale ya kunawa mikono na kutoa habari haraka, tuyatumie hapa pia.

Kama majibu yote matatu ni hapana, na mama hakuwa na kichaa, basi tuendelee. Kazi ya kulea inaanza.

3. Tafuta kwanza mama mwingine

Kabla ya kununua chochote, uliza wanamemba: nani iko na paka anayenyonyesha? Paka mwenye watoto wa umri wa karibu anakubali mara nyingi kunyonyesha wa mwenzake. Wafute wale yatima kwa kitambaa kilicholaliwa na watoto wake ili wapate harufu yake, kisha uwaweke katikati yao mama akiwa ametulia. Angalia saa moja. Akiwalamba, kazi yako imepungua sana. Usimzidishie: kama iko na watoto watano wake, mpe mmoja au wawili, wengine uwalee kwa mkono. Na mama huyo mpe chakula zaidi, ju anazalisha maziwa ya watoto wasio wake.

4. Joto kwanza, maziwa baadaye

Hii ndiyo kanuni inayookoa wengi: hapana kumpa maziwa mtoto aliye baridi. Akiwa baridi tumbo lake halifanyi kazi. Maziwa yanakaa ndani, yanachacha, tumbo linavimba, anakufa. Watu wanasema maziwa yalikuwa mabaya, kumbe mtoto alikuwa baridi.

Mtoto wa paka wa wiki ya kwanza hawezi kujipa joto mwenyewe. Anahitaji mahali penye digrii 29 hadi 32. Bunia iko juu kwa mita zaidi ya 1,200, na usiku kunapoa. Rethy na milima ya Djugu ni baridi zaidi. Fanya hivi:

- Weka kartoni yenye vitambaa vikavu mahali pasipo upepo.
- Jaza chupa ya plastiki maji moto, si ya kuchemka, uifunge kwa kitambaa, uiweke upande mmoja wa kartoni. Upande mwingine ubaki bila chupa, ili mtoto akisikia joto nyingi asogee.
- Badilisha maji kila yakipoa, na usiku pia.
- Mtoto aliyepoa kabisa mweke kifuani, ndani ya nguo, ngozi kwa ngozi, kwa nusu saa au saa nzima. Usimpashe haraka kwa moto.
- Hapana kuweka babula ya makala katika chumba kilichofungwa. Hewa yake inaua paka, na inaua watu pia.

Weka kidole kinywani mwake. Kama ndani ni baridi, endelea kupasha. Kama kuna joto na anajaribu kunyonya kidole, sasa yuko tayari kwa maziwa. Kama amepata joto lakini amelegea, mpake tone moja au mawili ya maji yenye sukari kwenye fizi, ungoje kidogo, ujaribu tena.

5. Maziwa gani?

Maziwa ya paka ni mazito kuliko ya ng'ombe: protini ni karibu mara mbili, na mafuta yanazidi. Maziwa ya ng'ombe peke yake, ama ya mbuzi, hayamshibishi mtoto wa paka, na sukari yake mara nyingi inamharisha. Maziwa yaliyotengenezwa kwa watoto wa paka yapo katika dunia, lakini katika masoko yetu ni shida kuyapata. Kwa hiyo tunatengeneza ya kusaidia:

- mililita 200 za maziwa yenye mafuta yote, yaliyochemshwa (ama ya unga, yaliyokorogwa kama mkebe unavyosema)
- kiini cha yai kimoja, ile sehemu ya njano tu, bila ute mweupe
- kijiko kimoja kidogo cha mafuta ya mboga

Weka maziwa kwenye moto mdogo, tia kiini na mafuta, koroga mpaka yachanganyike vizuri, bila kuacha yachemke tena. Chuja kwa kitambaa safi. Ngoja yapoe mpaka tone likidondoka kwenye mkono wako usisikie moto wala baridi.

Kama hakuna frigo, maziwa haya yasikae zaidi ya masaa manne. Tengeneza nusu ya kipimo ukiona yanabaki. Yanayobaki wape nguruwe au mkubwa wa paka, usiyarudishe kwa watoto.

Usiwape maziwa mazito ya mkebe yenye sukari, chai ya maziwa, uji wa mahindi wala maji ya bugali. Vinajaza tumbo bila kulisha.

6. Namna ya kunyonyesha

Nunua kwenye farmasi seringi ya mililita 5, bila sindano. Biberoni ndogo ni nzuri kama ipo. Tundu lake liwe dogo, ukiigeuza maziwa yadondoke polepole, yasitiririke. Chemsha seringi kila siku na uioshe kila baada ya kutumia.

Mtoto wa paka si mtoto wa mtu. Hapana kumlaza mgongo. Alale kwa tumbo, kama anavyolala kwa mama yake, kichwa kimeinuka kidogo. Ukimlaza mgongo maziwa yanaingia kwenye mapafu, na atakufa baada ya siku moja au mbili kwa shida ya kupumua. Sukuma seringi tone kwa tone, ungoje ameze. Maziwa yakitoka puani, simama, mwinamishe kichwa chini, mpanguse, upumzike.

Kipimo cha siku nzima ni mililita 20 hadi 25 kwa kila gramu 100 za uzito wake. Kila mara usipite mililita 4 kwa gramu 100. Tumbo lake ni dogo, na njaa kidogo ni afadhali kuliko kushiba mpaka kupasuka.

Umri unaujua kwa kuangalia:

- *Wiki ya 1:* macho yamefunga, masikio yamelala. Uzito gramu 100 hadi 150. Mnyonyeshe mara 8, kila masaa matatu, hata usiku.
- *Wiki ya 2:* macho yanafunguka. Karibu gramu 200. Mara 6 au 7.
- *Wiki ya 3:* masikio yamesimama, anatembea akiyumba, meno madogo ya mbele yanatoka. Karibu gramu 300. Mara 6.
- *Wiki ya 4:* meno marefu ya pembeni yanatoka, anakimbia na kucheza. Karibu gramu 400. Mara 5, na chakula kinaanza.

Mpaka wiki ya tatu hawezi kukojoa wala kujisaidia peke yake. Mama anamlamba ili atoe. Wewe chukua kitambaa laini, ukilowanishe kwa maji ya vuguvugu, umsugue polepole chini ya mkia kila baada ya kunyonya, mpaka atoe. Wengi wanasahau hii, na mtoto anakufa tumbo limejaa huku anakula vizuri.

7. Mizani na kaye

Mtoto wa paka mzima anaongeza gramu 10 hadi 15 kila siku. Ukimwangalia kwa macho huwezi kuona. Mizani ya kahawa ama ya kakao ya koperative haisomi gramu. Lakini katika vijiji vyetu vingi kuna mtu anayenunua zahabu, na mizani yake inasoma gramu vizuri sana. Mwombeni awapimie asubuhi kila siku, watoto wakiwa ndani ya bakuli safi, na muandike kwenye kaye: tarehe, jina ama rangi, uzito, amekula mara ngapi, ameharisha ama hapana.

Mtoto ambaye hajaongezeka siku moja, mwangalie zaidi. Akipunguza uzito siku mbili zikifuatana, ni mgonjwa, hata kama anacheza.

8. Wanapougua

*Kuharisha.* Ndiyo inayoua wengi. Acha maziwa mara moja au mbili, mpe serumu ya kunywa ile ya watoto inayopatikana kituo cha afya, kwa kipimo kilekile. Kama haipo, changanya lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Kisha mpe nusu maziwa na nusu serumu, halafu rudi kwa maziwa polepole. Ukiona damu, ama fizi zimekauka na amelegea, mpeleke kwa veterineri.

*Viroboto.* Mtoto mdogo anaweza kuishiwa damu kwa viroboto tu. Fungua kinywa: fizi ziwe za rangi ya waridi. Zikiwa nyeupe, ni hatari. Mchane kwa kitana chenye meno ya karibu karibu, viroboto uwatumbukize katika maji ya sabuni. Unaweza kumwosha haraka kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, ukiacha macho, kisha umkaushe kabisa na umrudishe penye joto. Badilisha vitambaa vya kartoni, uvichemshe.

Hapana kutumia dawa ya kupe ya ng'ombe, wala dawa ya mashamba, wala ile ya kunyunyiza magunia. Nyingi ziko na permetrini, sipemetrini ama amitrazi. Ng'ombe anazivumilia, paka anatetemeka na kufa.

*Macho yenye usaha.* Chemsha maji na chumvi kidogo, yapoe, upanguse kwa kitambaa safi, jicho moja kitambaa kimoja. Kama jicho la mtoto wa wiki mbili limefungwa na kuvimba, usilipasue, mpeleke.

*Minyoo.* Tumbo kubwa, mgongo mwembamba. Minyoo inapita hata katika maziwa ya mama. Veterineri atatoa dawa kwa uzito, ndiyo maana kaye inahitajika. Usigawe vidonge vya watu kwa kukisia.

*Homa na maumivu.* Paracetamol ni sumu kwa paka. Hata kipande kidogo cha kidonge kinaua paka mkubwa. Wengi wanaitoa kwa moyo mzuri, kama wanavyompa mtoto wao. Tuambizane nyumba kwa nyumba.

Tena tuseme ukweli: hata ukifanya yote vizuri, wengine watakufa, zaidi katika wiki ya kwanza. Usimlaumu mama aliyekesha nao. Zika mbali na kisima, safisha kartoni, endelea na waliobaki.

9. Kutoka maziwa kwenda kazi

Kuanzia wiki ya nne wape chakula laini kwenye sahani: samaki wadogo wa ziwa Albert wanaotoka Tchomia na Kasenyi, waliochemshwa na kutwangwa pamoja na mifupa yao midogo, ukichanganya na maziwa yao. Samaki wa chumvi uwaloweke kwanza na umwage maji. Paka hawezi kuishi kwa bugali tu. Mwili wake unataka nyama ama samaki. Ukimnyima, macho na moyo vinaharibika polepole.

Kati ya wiki ya pili na ya saba washikeni kila siku kwa upole. Paka aliyezoea mikono hatakimbia mtu akifungua depo, na atakubali kutibiwa. Kutoka wiki ya sita waweke pamoja na paka mkubwa anayewinda, kama yupo, wajifunze kwake. Wakifika miezi mitatu au minne wanaweza kukaa depo. Wapewe chakula kidogo kila siku na maji. Ile methali ya mtaani kwamba paka mwenye njaa ndiye anawinda si ya kweli: mwenye njaa anaondoka, ama anaiba kuku. Mwulizeni veterineri juu ya chanjo ya kichaa wakifika miezi mitatu.

10. Gharama na zamu

Mtoto mmoja kwa wiki nne anatumia karibu lita mbili za maziwa yale tuliyotengeneza. Watoto wanne ni lita nane, na mayai kama 35. Linganisheni na gunia lile la kilo 100 tulilolihesabu mwanzoni, kwa bei ya soko lenu la leo.

Pesa si shida kubwa. Shida ni usiku. Mama mmoja akiachiwa yote, siku ya nne amechoka na watoto wanakufa. Gaweni zamu. Mlinzi wa depo yuko macho usiku, na anaweza kunyonyesha saa sita na saa tisa akifundishwa mara moja. Mchana, watu wawili wa karibu wapokezane. Kila mtu aandike kwenye kaye ile moja, asiyefika aonekane.

Na ili tusirudi kwenye somo hili kila msimu, tuanzie kwenye sumu. Kabla ya kutia sumu depo, koperative iandike: nani ametia, wapi, siku gani, nani ataokota mizoga kila asubuhi, na paka watafungiwa wapi siku zile. Watoto wengi wa paka tunaowakuta wanalia, mama yao aliuawa na depo ileile aliyokuwa anailinda.

Maswali ya kujadili kwenye mkutano

1. Depo yetu iko na paka wangapi leo? Mwaka jana walikuwa wangapi? Waliopungua walienda wapi?
2. Sumu ya panya inakaa mikononi mwa nani? Je, kuna anayeokota mizoga?
3. Ukikuta panya watatu wamekufa nyumbani bila sumu, utamwambia nani kwanza? Kila mmoja ataje jina la muuguzi wake na namba yake ya simu.
4. Nani katika sisi iko na paka anayenyonyesha sasa?
5. Mtoto wa paka ni baridi na analia njaa. Unaanza na nini, na kwa nini?

Katibu aandike majibu ya swali la pili na la tatu, ayabandike kwenye mlango wa depo.